Nilivyomsomea Mkamwana kwa Kumpa Mgongo

Chumvi ya zamani ilikuwa inafungwa kwenye karatasi. Watoto wa sasa wanaijua ya pakiti tu. Sisi tulitumwa kwa miguu kutoka Kyimo hadi Tukuyu mjini, dukani kwa mzee mmoja Mwislamu ambaye babu yake alifika huku na biashara kutoka pwani. Mzee huyo alikuwa na mrundo wa magazeti na vitabu vilivyochakaa. Alichana ukurasa, akaukunja kama pembe, akatia chumvi, akapinda juu. Mkono wake wa kushoto ulikuwa na vidole vinne. Sijui kimoja kilikwenda wapi, na sikuuliza, maana mama alitukataza kuuliza watu wazima habari za viungo vyao.

Nyumbani chumvi ikishamwagwa, karatasi ni yangu. Shule nilikaa miaka miwili, baba akaniondoa nikachunge ng'ombe, kwa hiyo kusoma nilikumalizia kwenye karatasi za chumvi. Naziramba kwanza, kisha nazisoma. Ndiyo maana nimesoma hadithi nyingi sana na sijui hata moja ilivyoisha. Kuna mwizi wa ng'ombe nilimwacha amejificha juu ya mti, wenye ng'ombe wako chini wanaota moto. Nadhani bado yuko huko. Nikazoea. Hadithi ikianzia katikati, ikiruka, ikikatika, mimi natembea nayo tu.

Nayasema haya kwa sababu ya mkamwana, mke wa mwanangu wa mwisho.

Nieleze kwanza, maana vijana wa mjini huwa wanacheka. Kwetu Wanyakyusa mkamwana na baba mkwe hawaangaliani. Akinikuta njiani anaingia migombani nipite. Nikiwa ndani, yeye haingii. Siku hizi wengi wameacha, wanapeana mikono, wanakula meza moja, na sijasikia aliyekufa. Lakini yeye alilelewa na bibi yake kule Kinyala, akaja na adabu hiyo, nami niliipenda. Miaka sita tuliishi kiwanja kimoja, nikamjua kwa kikohozi chake na kwa maharage yake. Anapika maharage vizuri fijo, yaani sana, kumshinda mke wangu, na mke wangu anajua kwamba nimeandika hivi.

Alipojifungua mtoto wa pili, ambaye hakuishi, mkamwana akapata ugonjwa wa akili. Alisikia watu wengi wakimsema, na chumba ni kitupu. Kisha akanyamaza. Akawa analala ameelekea ukuta. Binti yake wa kwanza, wa miaka minne, akimvuta shuka hageuki. Mwanangu alimpeleka hospitali, akapewa vidonge. Nesi mmoja alisema kwa upole kwamba huu ni ugonjwa kama malaria ilivyo ugonjwa, vidonge vinataka muda, na asiachwe peke yake na zile sauti. Akauliza zamani alipenda nini. Mke wangu akasema vitabu. Maharusi wengine huja na masufuria, huyu alikuja na boksi la vitabu.

Ndugu zake wakaja. Walisema amelogwa hapa kwetu, na viazi vikishavunwa watamchukua wamrudishe kwao. Mtoto, kwa desturi, angebaki kwa baba yake. Hilo hakuna aliyelisema, lakini wote tulimtazama yule binti, anacheza na maganda ya ndizi. Mwanangu alikuwa anaanza kukubali. Alikuwa amechoka, simlaumu.

Mchana mwanangu yuko kwenye chai, anachuma. Mke wangu hajui kusoma. Nikabaki mimi, na mimi ndiye mtu pekee nisiyeweza kuingia chumba kile. Nilifikiri siku mbili. Ya tatu nikachukua kigoda, nikakaa nje upenuni, chini ya dirisha lake, nikaligeuzia mgongo. Mke wangu akaingia ndani akanipitishia kitabu dirishani. Jalada lilishatoka. Kilihusu mtu aliyepotelewa na punda, anamtafuta kijiji hadi kijiji, na kila kijiji wanamwelekeza kwa punda ambaye si wake.

Basi nikasoma. Nasoma kwa kidole, neno moja, napumua, neno jingine. Mvua yetu mnaijua, ikipiga bati lazima upaze sauti, kwa hiyo njia nzima ilinisikia. Wakasema mzee sasa anaisomea migomba. Jirani mmoja akaniuliza migomba imefika darasa la ngapi. Nikamwambia imeshampita yeye. Mke wangu naye, kutoka ndani, akasema nasoma kama mtu anayepanda mlima na mkungu kichwani.

Wiki tatu sikupata jibu. Siku nyingine alilia. Siku moja alirusha kikombe dirishani, kikanipita sikioni. Nikafuta chai kwenye ukurasa, nikaendelea.

Sasa, unyevu wa huku hauachi kitu, hata viatu kabatini vinaota ukungu. Kurasa mbili zilikuwa zimegandana, nami sikujua. Mwenye punda alikuwa anataka kuvuka mto, mara yuko harusini anakula wali. Mimi mtu wa karatasi za chumvi sikushtuka hata kidogo. Nikaendelea na wali.

Nyuma yangu ikatoka sauti iliyokwaruza kama mlango usiofunguliwa siku nyingi.

"Baba, umeruka. Hajavuka mto."

Mwili wote ulitaka kugeuka. Sikugeuka. Nikalowesha kidole, nikazibandua zile kurasa polepole.

"Samahani, mama," nikasema. "Tumrudishe mtoni."

Ndani nikamsikia mke wangu akipenga kamasi.

Tangu hapo akawa ananirekebisha, na nilihitaji kurekebishwa sana. Baadaye alimweleza mke wangu, naye akanieleza. Zile sauti huja zote kwa mkupuo, lakini kitabu huja neno moja moja, na kwa jinsi baba anavyochelewa, sauti zinachoka kusubiri. Uzembe wangu wote wa kusoma haujawahi kusifiwa hivyo. Sisemi kitabu kilimponya. Vidonge anameza mpaka leo, na kuna wiki anaurudia ukuta. Ila sasa ana mahali pa kujishikiza.

Viazi vikavunwa. Mjomba wake mkubwa akaja kumchukua, akanikuta kwenye kigoda, tukasalimiana, akaingia chumbani, maana yeye anaruhusiwa. Nikamsikia anamuuliza kama amefunga mizigo.

"Siwezi kwenda, mjomba," mkamwana akajibu. "Punda hajapatikana. Na baba nikimwacha peke yake, atawaruka watu wote kitabuni."

Mjomba akaanza kucheka. Alitoka, akanywa maziwa ya mgando vikombe viwili, akaondoka na mkungu wa ndizi badala ya mtu.

Siku chache baadaye nikaja na kigoda changu kama kawaida. Nikanyoosha mkono nyuma, dirishani, kitabu hakipo. Ndani mkamwana alikuwa anamsomea binti yake. Anasoma haraka, bila kituo, na alishanipita mbali. Mwenye punda yuko kijiji nisichokijua, na bibi mmoja anamwonyesha alama za kwato kwenye tope. Binti akauliza, punda ni yule yule? Mama yake akamwambia angoje.

Na mimi nilitaka kungoja. Katika uzee huu ingekuwa hadithi yangu ya kwanza kuifikisha mwisho. Lakini baba mkwe hakai chini ya dirisha la mkamwana mzima anayezungumza na mwanawe. Ruhusa ile nilipewa na ugonjwa. Nikanyanyua kigoda, nikapita migombani taratibu wasisikie, na pale dirishani sijarudi tena.