Fundi wa Lango la Kusini

Kaka yangu alikuwa fundi cherehani katika mtaa wa Buyenzi, na kama mafundi wote wa Buyenzi alikuwa mwongo wa njoo kesho. Gauni la harusi, njoo kesho. Sare ya mtoto na shule imeshafunguliwa, njoo kesho. Aliyasema hayo akiwa na pini katikati ya midomo, maneno yakimtoka upande mmoja, na wateja walimtukana, wakacheka, wakarudi kesho kweli. Bomu lilimkuta amekwenda kununua uzi mweusi. Siku zile mabomu yalikuwa yakirushwa kutoka milimani na kuangukia popote.

Tulimzika asubuhi yake, haraka, watu wachache, maana njia ya makaburini ilikuwa imefunguliwa na hakuna aliyejua itafungwa saa ngapi. Kwetu Waislamu mtu akifa nyumba yake inasimama siku tatu. Hakuna biashara, cherehani haliguswi. Watu wanakuja wanakaa mkekani, wanakunywa chai, wanaondoka, wanakuja wengine. Sisi hatukukaa. Mchana uleule mtaa mzima ulibeba magodoro ukakimbilia kwa ndugu upande wa kaskazini, na tuliporudi kila mtu alikuwa na shida yake. Kazini waliniambia pole. Nikasema asante, nikavuta kiti, nikaendelea kupiga chapa barua za vipuri vya magari. Wenzangu walisema nina moyo mgumu. Moyo mgumu ni kitu. Mimi sikuwa na kitu.

Ofisi yetu ilikuwa Rohero, katikati ya mji. Adhuhuri wenzangu walikwenda nyumbani kula. Mimi sikwenda, kwa sababu nyumbani kulikuwa na shangazi yangu, na shangazi alikuwa ananitazama mno. Nilivuka barabara nikaingia kwenye nyumba ya intaneti, sisi tulikuwa tunaiita siber. Mwenyewe alikuwa bwana mmoja wa Nyakabiga aliyesoma Ubelgiji na kurudi wakati ambao kila mwenye akili alikuwa anatafuta njia ya kutoka. Alikuwa mwoga wa radi, msemaji sana, na mikono yake haikutulia. Baada ya siku kadhaa za kuniona nimekaa bila kuandika hata neno, alikuja akasimama nyuma ya kiti changu.

"We dada, unaangalia hiyo mashine kama televizyo imezimwa."

Ndipo aliponionyesha mchezo wake. Ulikuwa mchezo wa kuandika tu, kwa Kifaransa. Kulikuwa na mji wa kubuni wenye ukuta, umezingirwa na maadui, na kila mchezaji alikuwa na mtu wake ndani ya mji. Unaandika mtu wako amefanya nini, amesema nini, kisha mwenzako aliye Ubelgiji au Ufaransa au Kanada anaandika wa kwake amejibu nini. Walikuwa wameucheza miaka. Walijuana kama wapangaji wa ua mmoja, wana utani wao, wana ugomvi wao wa zamani. Mwanamke mmoja wa Ubelgiji ndiye aliyeuanzisha, na mtu wake alikuwa Gavana wa mji. Bwana wa siber alikuwa Kapiteni wa walinzi. Yeye, aliyekuwa akijificha chini ya meza mvua ikinguruma.

"Chagua mutu," akaniambia.

"Mtu gani?"

"Yeyote. Shujaa, muchawi, mwizi."

"Fundi cherehani."

Akacheka. "Mule muko vita, dada."

"Hata hapa kuna vita, na suruali uliyovaa imeshonwa."

Sikuwa nimepanga kitu. Niliandika duka dogo karibu na Lango la Kusini, nikaandika mteja ameingia, na kabla sijafikiri pini zilikuwa tayari mdomoni mwa fundi, na chaki sikioni, na mteja ameambiwa arudi kesho. Nilisoma nilichoandika. Alikuwa yeye. Mwongo yuleyule, mkaidi yuleyule, anaburuta kandambili kwenda kufungua dirisha. Nilirudi ofisini nikala mkate mzima. Tangu siku ile nilitaka kitu kimoja tu duniani, kwamba kila adhuhuri yule fundi afungue duka lake.

Wenyeji wa mchezo walianza kunichoka mapema. Alikuja askari mmoja wa farasi, amekimbia, ana mshale begani, damu inatiririka kwa maneno mengi mazuri. Fundi akamkaribisha. Akamuuliza habari za nyumbani, watoto, kama ameamka salama, na ukoo wao ni wa upande gani. Mchezaji wa yule askari aliandika, "Nina mshale begani." Fundi akajibu, "Nauona. Kaa kwanza." Sasa mtu akiingia dukani kwako utaanzaje na mshale, kabla hata ya kumsalimia? Mimi sikuona kosa. Wao waliona nawachelewesha.

Halafu yakaja mawe. Maadui walikuwa na mtambo wa kurusha mawe juu ya ukuta, na kila jiwe likianguka wachezaji waliandika kurasa nzima za mayowe, watu wakipiga magoti, wakiapa mbele ya mbingu. Fundi aliinua kichwa akauliza, "Limeangukia wapi?" Akiambiwa ni upande wa sokoni, alilamba ncha ya uzi akautia kwenye sindano. Basi. Kaka alikuwa hivyo, mimi nilikuwa hivyo, mtaa mzima ulikuwa hivyo. Ukishajua limeangukia wapi, unajua kama uendelee na kazi au ushike mtoto mkono.

Gavana aliniandikia pembeni, kwa adabu ya watu wa mbali. Aliniambia mtu wangu hana hisia. Aliniomba nifumbe macho nijaribu kuwazia ilivyo kuwa ndani ya mji unaopigwa. Nilisoma ujumbe ule wakati vioo vya siber vimebandikwa utepe ili visiruke vipande. Kapiteni, nyuma ya kiti changu, akakohoa.

"Mwambie unaishi wapi," nikasema.

"Mi nimewaambia niko Bruseli."

"Kwa nini?"

"Wakijua, watakuwa wananiuliza habari kila siku. Mi nakuja mule kusahau, dada."

"Mimi sikwenda kusahau."

Hakuuliza nilikwenda kufanya nini, wala sikumwambia. Habari za kaka yangu hakuzijua. Nyakabiga na Buyenzi si mbali, lakini miaka ile kila mtaa ulikuwa unahesabu wafu wake wenyewe.

Kwa miezi kadhaa mambo yakapoa. Ilipangwa vita kubwa, siku ya Jumapili, wachezaji wote wakiwepo, mji utoke nje ya ukuta upigane. Gavana, nadhani kwa kutaka amani na mimi, akampa fundi kazi ya kushona bendera ya mji. Fundi akapima kitambaa, akakuna kichwa, akasema njoo kesho. Safari hii watu walicheka. Yule askari wa mshale hata akaandika amepita asubuhi kuuliza bendera, akakaa, akasalimia vizuri. Nilidhani nimeshakuwa mwenyeji.

Kisha akafa mlinzi wa Lango la Kusini. Kijana huyo mchezaji wake alikuwa ameshamchoka, anataka kuanza upya akiwa mchawi, kwa hiyo alimuua kwa mistari miwili. Lakini alikuwa jirani. Kila asubuhi aliazima kiberiti kwa fundi na hakukirudisha hata siku moja. Sikuwaza. Niliandika: "Jirani amefariki. Duka limefungwa. Litafunguliwa baada ya siku tatu, inshallah." Na Jumapili ya vita ilikuwa ndani ya siku tatu hizo.

Ikawa balaa. Bila bendera vita haiwezi kuanza, ndivyo walivyokuwa wameandika wenyewe. Watu walikuwa wameahirisha mambo yao huko Ulaya ili wakae mbele ya mashine, na fundi amefunga mlango. Marehemu mwenyewe aliniandikia: "Asante sana kwa heshima, lakini mimi niko hapa, sasa ni mchawi. Tafadhali fungua." Gavana hakuwa na adabu tena. Alisema huu ni mchezo, na mgeni wa juzi hawezi kuja kuusimamisha mji ambao wengine wameujenga kwa miaka. Alikuwa na haki ya kukasirika, nami nilikuwa nimekasirika vilevile. Walimtuma Kapiteni. Hakuwa na safari ndefu, alitoka mezani kwake akaja kuinama kwenye kiti changu.

"Dada, fungua duka."

"Jirani yake amekufa."

"Ashone bendera kwanza, halafu alie."

"Hatashona."

"Mbona kichwa kigumu hivi? Si wewe unamuandika?"

"Yeye ndivyo anavyofanya."

"Yeye nani?"

Nilivaa koti nikarudi ofisini. Siku ya pili Kapiteni aliniambia watapiga kura kama fundi abaki au atoke, na kwamba yeye atamtetea. Sikupata kuona kura hiyo. Usiku ule mizinga ilianza kulia kusini ya mji, na kwa siku nyingi hakuna aliyetoka Buyenzi kwenda Rohero. Tulilala sakafuni, mimi na shangazi, chini ya cherehani la kaka. Shangazi alikuwa anauliza limeangukia wapi, mimi namjibu. Katikati ya majibu nilikuwa nawaza kama fundi amefungua.

Njia ilipofunguliwa nilipitia siber kabla ya ofisi. Kapiteni alikuwa amelala humohumo siku zote zile kwa kushindwa kurudi Nyakabiga, ana ndevu, ana jenereta. Aliponiona akaanza kupanga viti vilivyokuwa vimeshapangika. Nilikaa nikafungua mchezo.

Gavana ndiye aliyeandika. "Jiwe liliangukia duka la fundi. Bendera iliokolewa." Chini yake yakaja matarumbeta.

Nilisoma kurasa zote zilizofuata. Nilikuwa natafuta mtu mmoja tu aliyefunga kitu kwa ajili ya fundi. Soko liliuza. Askari walikunywa. Mchawi alipika dawa. Yule wa mshale aliandika habari za kofia yake mpya. Kapiteni alikuwa na ukurasa mzima amepanda farasi mweupe, ameshika ile bendera, upepo unaipiga. Hakuna aliyekwenda kukaa pale. Hata fundi hawakumtoa chini ya jiwe.

"Dada, walikuwa wengi kwenye kura," Kapiteni akasema kwa sauti ndogo. "Nitakutengenezea mutu mwingine. Hata kesho."

"Kesho," nikasema.

Neno lile lilikuwa la kaka. Kwanza ilikuja hasira, nilitaka kuivunja mashine yake. Halafu nyuma ya hasira kukaja uchungu, ule wa kaka, ule wenyewe. Ulikuja kama bomba lililokatiwa maji muda mrefu: hewa kwanza, kisha kutu, kisha maji. Nililia pale kwenye siber mbele ya watu waliokuja kusoma barua za watoto wao wa Kanada. Kapiteni alisimama na kiti mkononi, hajui akiweke wapi.

Nilivuka barabara nikamwambia mkubwa wa ofisi nimefiwa.

"Pole sana. Na nani?"

"Kaka yangu."

Alikuwa amenipa pole ya kaka huyohuyo mwaka uliopita. Alinitazama uso, akatazama karatasi zake, akasema niende, nitarudi nikimaliza.

Shangazi alikuwa anachambua mchele uani. Nilimwambia nataka tutandike mkeka. Hakuuliza kwa nini. Aliweka ungo chini, akajifuta mikono, akasema, "Mi nilikuwa nakungoja wewe tu." Mkeka alikuwa ameshaupangusa siku nyingi, ulikuwa umekunjwa nyuma ya mlango. Cherehani alilifunika kanga. Jirani wa kwanza alipochungulia aliuliza nani amekufa.

"Fundi," shangazi akasema.

"Fundi wetu?"

"Fundi wetu."

Jirani akavua viatu akakaa. Wakaja wengine, wanawake ndani, wanaume kibarazani, wakaleta chai na maandazi, na kila mmoja alikuwa na nguo yake ambayo haikumalizwa. Mmoja alikuja na gauni lenyewe, mkono mmoja umeshikizwa kwa pini, pini za kaka. Tulilipitisha mkono kwa mkono. Nililia, nikalala kidogo, nikaamka, nikalia.

Siku ya pili shangazi aliniita mlangoni. Kapiteni alikuwa amesimama nje, amenyoa ndevu, ameshika viatu mkononi ingawa hakuna aliyemwambia avue. Alikuwa ameulizia kwetu kutoka duka hadi duka, yeye Mkristo wa Nyakabiga, akitaja dada wa vipuri, hadi mtu akamwambia: a, dada wa yule fundi.

"Nimefunga siber," akasema.

"Kwa nini?"

"Jirani amefariki."

Shangazi akamwekea kiti kibarazani, karibu na dirisha. Hakukikalia, alikaa chini kama wengine. Alipewa chai akaishika bila kunywa, na mikono yake siku hiyo ilikuwa imetulia. Mimi nilikuwa ndani, upande wa pili wa dirisha. Watu walikuja, wakaondoka, wakaja wengine. Kisha akauliza, taratibu, bila kugeuza kichwa:

"Liliangukia wapi?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo juu ya kaka. Nilisogea karibu na dirisha nikaanza kumweleza, kwamba kulikuwa na koti la mteja limebaki pindo, na uzi mweusi ulikuwa umekwisha.