Cucu Nje ya Chumba cha Kemia

Jumapili moja haijatoka kichwani mwangu, mwanangu, na leo imenirudia ulipoketi hapa kwangu Ngoingwa ukisema umechoka. Baba yako anataka uchague masomo ya biashara. Mama yako anataka sayansi. Marafiki zako wameshapatana wote wafuate sanaa ili msitengane. Wewe mwenyewe hakuna aliyekuuliza. Nimecheka, na usinikasirikie. Nimecheka kwa sababu hata mimi niliwahi kukaa katikati ya watu wakigawana maisha yangu kama nyama ya mbuzi.

Ilikuwa miaka ya hamsini, siku za Hali ya Hatari iliyotangazwa na serikali ya kikoloni, na nilikuwa katika shule ya bweni ya wasichana karibu na Thika. Baba yangu alifanya kazi Ruiru, kwenye kiwanda cha kahawa cha shamba la Mzungu, akikaa laini, zile nyumba za wafanyakazi, pamoja na mama na wadogo zangu. Mwalimu mkuu alituambia kwamba tukimaliza kidato cha pili ni lazima tuchague: ama upishi, ushonaji na utunzaji wa nyumba, ama fizikia na kemia. Akaongeza, kama mtu anayepita tu, kwamba ukitaka kwenda chuo kikuu kusomea dawa, bila kemia usijisumbue. Wenzangu sijui kama walisikia. Mimi nilisikia. Tatizo ni kwamba shule yetu haikuwa na maabara. Wasichana wa kemia wangevuka mto kila Jumamosi, kwa miguu, kwenda kusomea katika shule ya wavulana.

Hapo ndipo baba alipokataa. Usimfikirie vibaya, alikuwa mtu mpole na alinipenda sana. Alikuwa ameshazungumza na mwalimu mmoja rafiki yake: nisome upishi na ushonaji, niingie chuo cha ualimu, nipate kazi ya heshima mapema. Mpango mzuri kabisa, na wako wenzangu walioufuata wakaishi vizuri na kulea watoto wa watu kwa uvumilivu ambao mimi sina. Lakini binti yake avuke mto kila wiki kwenda kwa wavulana, na askari wamesimama kila njia panda? Hilo hakutaka hata kulisikia. Wazazi walitakiwa kumwambia mwalimu mkuu uamuzi wao Jumapili ile ya kutembelewa, na ukishaandikwa umeandikwa. Nilijua kwamba nikikosa kemia siku ile, nimeikosa dawa kwa maisha yangu yote. Usiku kucha nililia chini ya blanketi.

Baba akaja, amevaa koti lake la kanisani. Na nyuma yake akaja mama yake, nyanya yangu, yule tuliyemwita cucu, akiwa na kiondo, kikapu alichokuwa akikisuka huku anatembea. Unajua desturi yetu. Binti wa kwanza hupewa jina la mama mzaa baba, na si jina tu analopewa, anakuwa yule yule. Cucu alikuwa Njeri, nami Njeri. Tangu nizaliwe, baba hakuwahi kuniita Njeri hata mara moja. Aliniita Mama. Cucu aliniita wajina, na akipewa kitu kizuri alinibakishia nusu akisema hajamaliza kula.

Tukaketi kwenye nyasi. Baba akaeleza mambo yake taratibu, mwanzo hadi mwisho, nami nikatazama chini. Cucu alisuka tu. Baba alipomaliza, yeye akanigeukia na kuniuliza kwa nini ninaitaka hiyo kemia. Ni kwa sababu ya rafiki? Ni kwa sababu ya kuonekana? Nikamwambia ukweli, sauti ikitetemeka. Kule laini kulikuwa na zahanati ndogo, na mtu akiumwa tumbo alipewa dawa ya maji ya kahawia, akiumwa kichwa anapewa hiyo hiyo, mtoto akikohoa ni hiyo hiyo. Nilitaka kujua ndani ya ile chupa mlikuwa na nini. Tangu nikiwa mdogo nilitaka kujua.

Cucu akaacha kusuka.

"Kamau," akamwambia baba, "huyu unamwitaje?"

"Namwita Mama."

"Basi mama yako anataka kusoma kemia. Wewe mtoto unamkatalia mama yako kwa ruhusa ya nani?"

Baba akajaribu kununa, akashindwa. Akacheka mpaka akafuta macho. Halafu akawa mtu mzima tena na kuuliza, kwa hofu ya kweli, ni nani atakayemlinda huyu mtoto njiani.

"Mimi," cucu akasema. "Nitajisindikiza mwenyewe."

Na alifanya hivyo, mwanangu. Aliishi katika kijiji walimokusanywa watu wakati ule, na kutoka nje kulihitaji pasi. Alimsumbua chifu kila siku mpaka akapewa, nadhani ili chifu apate kupumzika. Jumamosi jua likichomoza alikuwa langoni kwetu. Tukatembea, sisi wasichana wachache mbele, yeye nyuma na kamba zake za kiondo. Tukiingia maabara, yeye aliketi nje ya mlango, mvua au jua, na hakuna mvulana aliyethubutu kutupigia mluzi. Tukitoka alinusa nguo zetu na kuuliza, "Leo mmepika nini?" Siku tuliyotengeneza ile hewa inayonuka kama mayai viza, alisema anawaonea huruma waume zetu.

Nikaenda chuo kikuu kule Uganda, halafu ng'ambo, nikarudi Thika nikiwa mfamasia. Baba alimwambia kila mtu pale laini, hata wasiouliza. Cucu alikuwa amezeeka, kifua kikimsumbua. Nikamtengenezea dawa kwa mikono yangu, nikamshikia kikombe. Akauliza ni kitu gani.

"Cucu, hii ndiyo tuliyokuwa tukipika zile Jumamosi."

Akaonja, akakunja uso, akaniuliza iweje tulipika muda wote ule bila hata mmoja wetu kuonja. Halafu akainywa yote. Mpaka leo nikikumbuka kile kikombe kitupu, nashukuru mpaka machozi yananitoka.

Kwa hiyo nisikilize, mwanangu. Usichague somo ili ukae na marafiki; nao watatawanyika hata hivyo. Usilidharau lile ambalo hulitaki, maana kuna mtu litamlisha. Kabla hujachagua, ulizia chuo kikuu kinataka masomo gani kwa kazi unayoitamani, kwa sababu kuna milango inayofungwa mapema na hakuna anayekuonya. Mheshimu baba yako, hofu yake ni upendo. Lakini uwe na sababu yako mwenyewe, ambayo ukiulizwa ghafla kwenye nyasi utaisema, hata kama sauti inatetemeka.

Njoo karibu nikutemee mate ya baraka kifuani, kama cucu alivyonitemea mimi siku nilipopanda gari moshi kwenda Uganda. Mungu akupe macho ya kuona unachokipenda, akupe na watu wa kukaa nje ya mlango wako.

Baba yako ni mwanangu, na tangu uzaliwe amekuita Mama. Jumatatu nipitie hapa asubuhi, wajina, twende wote shuleni. Magoti yananiuma, lakini nitajisindikiza mwenyewe. Sasa niambie: wewe unataka kujua nini?