Arvella na Kaseti ya Kumi na Moja

Arvella Nyquist alikuwa na kaseti kumi kwa jina lake, na katika zote kumi hamna wimbo hata mmoja wa mapenzi. Aliimba kuhusu chujio la tambi. Aliimba kuhusu mzee aliyebishana na redio mpaka redio ikanyamaza. Aliimba kuhusu goti lake la kushoto dakika saba nzima, na ubeti wa mwisho ni goti lenyewe linamjibu. Mkono wake wa kushoto ulipiga piano kama unapigilia misumari, wa kulia ulikuwa wa mzaha. Akikosea alisema "lo!" akaendelea, na ile "lo!" ikabaki humo humo. Anayetaka nyimbo safi, alisema, akanunue sabuni.

Kwa kazi alikuwa dereva wa gari la wilaya la kusukuma theluji. Alikuwa na miaka hamsini na minane, mjane, mabega mapana, mdomo usio na breki. Torvik ni mji wa watu mia sita kaskazini ya jimbo la Minnesota, Marekani, na Januari hakuna aliyetoka kwake kabla Arvella hajampitishia njia. Alasiri za Jumapili aliingia ukumbi wa mji, palipokuwa na piano kuukuu kando ya jiko, akawasha kinasa sauti chake. Kila mwaka theluji ikianza kuyeyuka, kaseti mpya ilionekana pale kituo cha mafuta, karibu na mikebe ya chambo. Watu waliinunua ili wasikie jirani anavyosemwa, huku wakimwomba Mungu zamu yao isifike.

Zamu ya Marlys Engebretson ilifika mwaka wa tisini na nne. Marlys alikuwa mwenyekiti wa kamati ya ukumbi kwa miaka kumi na tisa. Kila msiba, wanawake wakishapanga mezani mabakuli ya viazi na nyama, yeye alipita taratibu, akayasukuma ya wenzake nyuma na kuliweka la kwake mbele. Mji mzima uliona na mji mzima ulikaa kimya. Arvella akatunga "Bakuli la Mbele". Siri ya wawili si siri, sembuse ya mji: kabla kaseti haijatoka, Marlys alikuwa ameshamwita ukumbini.

"Arvella mwenzangu, kaa," Marlys alisema, sauti imejaa asali. "Nasikia kuna wimbo."

"Ziko kumi na mbili. Unaulizia upi?"

"Usinifanye mtoto! Ule wa bakuli."

"Kwani nimesema uongo?"

"Uongo, ukweli, shauri yako. Futa. Usipofuta, Jumamosi piano inaenda jalalani. Ni mali ya ukumbi, na kamati imeshapiga kura."

"Kamati ndiyo nani?"

"Mimi na Harlan."

Harlan, aliyekuwa pale pale kwenye kiti, alitazama viatu vyake. "Mimi nilikuwa nimesinzia," alisema.

Arvella aliogopa, tusizunguke. Piano ile ilikuwa na mlio wa nyuki katikati, ukigusa noti fulani, na mlio huo umo katika kaseti zote kumi. Yeye mwenyewe alipanga chumba juu ya duka la vifaa vya ujenzi, na ngazi zake zilikataa hata kochi. Hakuwa na pa kuiweka. Lakini hofu ya Arvella ikitoka nje huwa imevaa hasira.

"Jalalani msijisumbue," alisema. "Naitoa mwenyewe."

Jumamosi alikwenda kwa Toivo Maki, fundi wa kuchomelea vyuma, rafiki yake wa tangu shule.

"Unaipeleka wapi?" Toivo aliuliza.

"Ziwani."

"Majini?"

"Juu ya barafu, we naye! Imeganda unene wa mkono mzima, malori yanapita. Kibanda cha kuvulia cha marehemu baba kiko pale. Na ziwani Marlys hana kamati."

"Samaki watakusema," Toivo alisema, akaenda kuchukua mnyororo.

Watu wa Torvik wameshaburuta mengi juu ya ziwa lile: vibanda, majiko, kreti za bia, hata kitanda cha wageni. Piano ilikuwa ya kwanza. Wavuvi walisimama kando ya mashimo waliyotoboa kwenye barafu wakacheka hadi wakashika mbavu.

"We Arvella! Chambo gani hicho cha kilo mia tatu?"

"Cha kuvulia wajinga," alijibu, "na mmeshanasa!"

Piano ilipoingia kibandani, Arvella aliwasha jiko la kuni kwenye kona, akavaa glovu zilizokatwa vidole, akaunga kinasa sauti kwenye betri ya gari. Baridi ilizishika nyuzi, noti nyingine zikashuka zikakataa kupanda. Kisha barafu yenyewe ikaanza. Ilinguruma chini ya sakafu, sauti nene iliyotoka ng'ambo ya ziwa na kupita chini ya miguu yake. Mara ya kwanza Arvella aliacha kupiga. Mara ya pili aliisubiri ipite, akaingia baada yake. Wavuvi walikuja kulalamika kwamba anawafukuzia samaki. Kufika Februari walikuwa wanatoboa mashimo karibu na kibanda, na mmoja aliapa kwamba samaki wake mkubwa kuliko wote aliuma kwenye kiitikio.

Katikati ya Machi sheria ya jimbo inataka vibanda vyote viwe vimetoka ziwani. Siku moja kabla, Toivo alikuja kumpasha habari.

"Kesho askari wa wanyamapori anapita. Mimi nitakivuta kibanda mpaka uani kwangu. Ila paa ni turubai bovu, Arvella. Mvua za Aprili zikianza, piano itaoza."

"Najua."

"Nimesema tu."

Alasiri hiyo hiyo Marlys alifika kwa miguu, amevaa buti za kanisani, amevimba kwa hasira. Aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, kando ya shimo la kuvulia lililokuwa wazi sakafuni.

"Ukumbi Jumapili hauna mtu," alisema. "Wote wako huku kwako."

"Karibu na wewe."

"Nina neno moja. Irudishe piano kwenye joto, ufunguo nakukabidhi mwenyewe. Ule wimbo tu, uufute. Mmoja kati ya kumi na mbili! Nani atauulizia?"

Arvella alitazama vitufe vya piano vilivyobabuka, akatamani kusema ndiyo. Neno lilifika mpaka kwenye meno.

"Mimi nitauulizia," alisema.

"Mvua itaiozesha hiyo takataka yako!"

"Na ioze. Itaoza inaimba ninachotaka."

Marlys aliruka kutoka kwenye ndoo. "Unajua kwa nini naweka bakuli langu mbele? Hujawahi kuniuliza! Umekaa juu ya ligari lako, unatutazama wote vichwani..."

Kidole cha Arvella kilibonyeza kitufe cha kinasa sauti.

"Unanirekodi?"

"Nakurekodi. Mji umenisikia mimi tu. Haya, usikie na upande wako. Sema yote."

Mwingine angeondoka. Marlys alivua glovu.

Alisema dakika nne. Alisema kwamba mama yake alikufa yeye akiwa na miaka kumi na tisa, akapika kwa mkono wake kwa ajili ya mazishi ya mama yake mwenyewe, na wanawake wakubwa wakalisukuma bakuli lake nyuma ya birika la kahawa. Jioni alilirudisha nyumbani limejaa. "Hata kijiko hakikuligusa!" Akaapa halitawekwa nyuma tena. Kisha akageukia ya Arvella: kiburi chake, sauti yake ya bata, sanduku la barua aliloligonga mara tatu kwa gari la serikali. Chini ya maneno hayo Arvella alimpigia piano, polepole mwanzoni, halafu kwa nguvu kadiri mwenzake alivyopandisha sauti. Barafu iliponguruma, Marlys aliiambia inyamaze.

Alipomaliza alitaka kusikia alichosema. Akaketi tena kwenye ndoo, wakasikiliza wote wawili. Arvella aliona aibu kwa lile bakuli lililorudi limejaa. Lakini wimbo wake ulikuwa kweli, na hili nalo lilikuwa kweli.

"Pale kwenye kijiko," Marlys alisema, "sauti imekatika. Nasikika nalia. Futa pale, nirudie vizuri."

Arvella alitoa kaseti. Kwa ukucha akavunja kijino cha plastiki pembeni, kile ambacho kikishatoka hakuna awezaye kurekodi juu yake tena. Akaiweka mapajani kwa Marlys.

"Wimbo wangu umo na neno lako limo. Shimo hilo miguuni pako. Ukitupa, unatupa vyote viwili."

Nje Toivo, aliyekuwa amesikia yote, alifunga mnyororo, akagonga ukuta. "Tunaenda wapi? Ukumbini au uani?"

"Uani!" Arvella alijibu.

Marlys aliishika kaseti juu ya maji meusi kwa muda. Kisha akasimama, akaibwaga juu ya piano, akavaa glovu zake.

"Usidhani nimekusamehe," alisema mlangoni.

"Sijaomba," Arvella akasema.