Anko alimpa bro wangu switi ya huruma, usiku wa pili matza ikapotea

Wakuu, hamjambo huko mliko. Hii sijatia chumvi, na naanza na ujinga wangu mwenyewe ndio msinirarue huko kwa comments: niliificha matza juu kwa siling'i, na ndugu yangu anatumia wheelchair.

Ndiyo, sisi ni Wayahudi, na ndiyo, tunakaa Londiani. Tumalize hiyo story tuendelee.

Pesach, yaani Pasaka yetu, tunakaa mezani usiku mbili. Kuna kipande cha matza, ule mkate mkavu usiotiwa hamira, kinafungwa kwa kitambaa na kufichwa, watoto wanakitafuta, na anayekipata anapewa zawadi. Bila kukila hicho mwishoni, mlo haumaliziki, hata ukiwa na usingizi wa aina gani.

Usiku wa kwanza kazi ya kuficha nilipewa mimi. Nikajiona mjanja. Macousin wakapanda meza, bro wangu Kirui akabaki chini akiangalia miguu ya watu.

Kirui ana miaka kumi na moja. Miguu haimtii tangu azaliwe, lakini mdomo unafanya overtime.

Sasa anko, ndugu ya baba, akatoa switi mfukoni akamwekea kwa mapaja, eti na yeye asikose. Kirui akairudisha. Akasema, "Sijatafuta kitu."

Anko akamgeukia mathe akauliza kama kijana amechoka. Jioni yote alikuwa hivyo: anakula hii mboga chungu ya Pesach? anaelewa hii maombi? Wakuu, Kirui yuko hapo, anakuangalia, na hiyo maombi anaijua kukushinda!

Nilikasirika mpaka nyama ikanishinda. Na nusu ya hasira ilikuwa yangu mwenyewe, juu ya ile siling'i.

Usiku wa pili baba akakunja kipande akakiweka kando ya sahani. Kwetu mtoto akikiiba ni halali, na mwenye kukishika ndiye anataja bei ya kukirudisha.

Nilimwona Kirui akikivuta polepole na kukisukuma chini ya mto wa wheelchair. Nikaangalia ukuta kama mtu wa maana.

Wakati wa kumaliza mlo ulipofika, wote wakatafuta. Wakapekua kabati, wakamwaga gunia la viazi. Anko akaisukuma wheelchair pembeni kama stuli, bila hata excuse me, ndio achungulie nyuma ya kochi. Aliisogeza matza kwa mikono yake mwenyewe!

Walipochoka Kirui akasema, "Niko nayo. Nimeikalia."

Funzo kabla nimalize: kama kuna mtu nyumbani kwenu mnamzunguka kama fanicha, siku moja atakalia kitu mnakihitaji. Na mchezo ukipangwa bila yeye, huo si mchezo wa familia. Wenye mko na ndugu kama Kirui, kwenu sherehe zinaendaje? Andikeni hapa, na matusi ya siling'i nimeyapokea mapema.

Sasa, mnafikiri anko alijifunza? Alimwangalia mathe tena. "Shemeji, sasa huyu anataka nini ndio aitoe?"

Mathe hakuinua macho kwa sahani.

"Mimi sina matza. Muulize mwenye nayo."