Mikro za Marehemu Kaka Yangu Zimo Ndani ya Besi Waliyoichukua

Admin, ficha jina langu na la kanisa, lakini hasira yangu usiifiche hata kidogo. Mimi ni dada wa miaka ishirini na sita, sina mume wala mtoto, naishi Butembo na mama yangu. Sisi ni watu wa upande wa Mangina. Tulikimbia wauaji walipoanza kuingia mashambani na mapanga, tukafika hapa na mafurushi ya nguo na gita langu la besi. Njiani watu walinicheka, eti wenzako wanabeba masufuria wewe unabeba gita. Napiga besi kanisani tangu nikiwa msichana wa shule, na hakuna kitu kingine kinachonituliza.

Besi yenyewe ni ya bei rahisi, zile za mbao nyepesi. Ubaya wake ulikuwa mikro, yaani vile vipande vyenye sumaku vinavyokaa chini ya nyuzi na kupeleka sauti kwenye spika. Zilivuma kama friji mbovu, na ukipiga noti ya chini ungedhani mtu anagonga bidoni tupu la maji. Kaka yangu aliichukia sauti ile kuliko mimi. Yeye ndiye aliyekuwa anarudi kwa kujificha kwenye shamba letu la kakao, anachuma haraka haraka, anatoroka. Mavuno ya mwisho aliyotoa kule aliyauza, na badala ya kujinunulia hata viatu, akamwagiza mfanyabiashara anayekwenda Kampala amletee mikro nzuri. Mama alimnunia siku nzima.

Alizifunga mwenyewe, juu ya meza yetu. Zilikuwa pana kuliko tundu, ikabidi achonge mbao kwa kisu, taratibu, huku anaimba. Akachomelea nyaya, akabandika ndani yake karatasi za kung'aa za paketi za sigara ili kuzuia ule uvumaji. Halafu akagonga sumaku kwa bisibisi, spika ikajibu tok. Akacheka, akaniambia, "Piga sasa. Hii iko inasema." Nilipopiga, mama mwenyewe aliacha kuchambua maharage. Wiki chache baadaye kaka alirudi shambani. Walimuua huko, na hatukuweza hata kwenda kumzika.

Sasa nifike kwenye kinachonichoma. Ilipofika siku ya shukrani nilipeleka besi kanisani iombewe. Kule kwetu kila mtu huweka kitu chake chini mbele ya madhabahu, jembe, mbegu, cherehani, mchungaji anaviombea vyote, kisha unabeba chako unarudi nyumbani. Hapa utaratibu ni mwingine. Unachotaka kibarikiwe unakishika mikononi. Ukikiweka chini, umekitoa. Nani aliniambia hayo? Hakuna. Nikaiweka chini, nikalia, nikamtaja kaka yangu. Mchungaji akaombea besi kwa sauti kubwa, pamoja na zile paketi za sigara asizozijua. Nilipoinama kuichukua, shemasi akaushika mkono wangu akauondoa.

Baada ya ibada nilimfuata mwalimu wa kwaya. Nilidhani atanielewa, maana ni mtu wa muziki.

"Dada, uliiweka chini mbele ya bantu bote," akasema. "Kitu yenye ilishatolewa kwa Mungu haiwezi kurudia."

"Mi nilileta baibariki, hapana kuitoa. Mule ndani muko mikro za kaka yangu mwenye balimuua."

"Donc, kumbe unataka kunyang'anya Mungu?"

Mimi, niliyelala porini nikikumbatia gita lile lisinyeshewe, leo ndiye mnyang'anyi. Akaongeza kwamba besi ni nzito kwa mwanamke, nikasimame na akina dada wa sauti ya kwanza. Na Jumapili iliyofuata nilimkuta nani ameishika? Mdogo wake. Huyo anapiga kama mtu anayepasua kuni, na kile kitufe cha kung'arisha sauti amekizima kabisa kwa sababu hajui kazi yake. Nilikwenda kwa mchungaji, akaniambia utaratibu ni utaratibu. Ni Mungu gani anayehitaji besi ya mkimbizi ili mdogo wake mwalimu wa kwaya apate cha kupiga?

Nilikuwa najilazimisha kunyamaza mpaka wiki hii. Wametangaza kwamba kuna kanisa jipya linafunguliwa Kyavinyonge, kule ziwani, na huyo kijana anapelekwa huko pamoja na besi. Ikishuka kule sitaiona tena. Nilimwambia mama kwamba sitakubali. Akanijibu polepole, bila kuniangalia, "Achana nabo, mwana wangu. Hii nyumba tunalala ni ya kanisa. Bakitufukuza tutaenda wapi?" Lakini mama huyohuyo, besi ikianza kulia ibadani, anatoka nje, anasema anatafuta hewa.

Wapendwa, zile mikro za zamani bado ninazo, zimo kwenye boksi chini ya kitanda. Nimewaza kuzirudisha mahali pake na kutoa za kaka. Mbao wabaki nazo, nyuzi wabaki nazo, waende ziwani wakagonge bidoni lao. Wakigundua, watajua ni mimi, maana hapa hakuna mwingine anayejua kuzifungua, na mama yangu mzee atalala nje kwenye mvua kwa sababu ya vipande viwili vya sumaku. Nikiacha, basi kitu cha mwisho ambacho mikono ya kaka yangu ilitengeneza kitaondoka mikononi mwa mtu asiyejua hata jina lake.

Msiniambie nisamehe, Biblia najua kuisoma mwenyewe. Niambieni nifungue skrubu au nisifungue, na mnijibu mapema. Jumamosi ni zamu yangu ya kufagia kanisa, besi inalala humo humo, na ufunguo wameshanipa.