Nilivyokwenda Nizwa Kumchukua Mwalimu Zuwena

Miaka ile ya mwisho ya tisini tulikuwa wazazi watano hapa Ibra, Omani, tulioamua kufungua shule yetu wenyewe. Serikali ilikuwa imeanza mfumo mpya wa elimu, Kiingereza tangu darasa la kwanza, lakini katika shule chache tu, na ya mtaani kwetu haikuwamo. Binti yangu Asma alikuwa na miaka sita. Nikasema sisubiri. Nyinyi mliobaki Tabora mnanijua: niliingia nchi hii na begi moja na diploma ya umeme, na leo nusu ya nyumba za mtaa wetu zinawaka kwa waya nilizozipitisha mimi. Mtu wa namna hiyo hakai kungoja mfumo umfikie.

Jengo tulikuwa nalo. Tulichokosa ni mwalimu wa Kiingereza, na bila jina la mwalimu ruhusa haikuwa ikitoka. Nikawaambia wenzangu nina damu yangu Nizwa: Zuwena, mtoto wa ami yangu, anafundisha shule ya serikali yenye huo mfumo mpya. Nitakwenda kumchukua. Ndivyo nilivyosema, kama mtu anayefuata mzigo wake stesheni.

Ijumaa, baada ya sala, niliondoka peke yangu kwa gari. Nilipita njia ya Sinaw. Soko lake, ambalo Alhamisi hujaa ngamia na kelele, lilikuwa tupu, mbuzi watatu wakila majani yaliyobaki. Nikatia petroli, nikaendelea. Kutoka hapo hadi Izki ni jangwa la mawe madogo meusi, kisha milima inaanza kukusogelea pande zote. Njia nzima nilikuwa nikipanga maneno. Kipawa kama cha Zuwena, niliwaza, kinapotea kati ya watoto arubaini wa kila aina. Kwetu atapata kumi na watano, na wazazi wanaojua thamani yake.

Magharibi ilinikuta Nizwa. Mumewe, Khalfan, mzaliwa wa Bujumbura na karani wa hospitali, alinipokea mlangoni, akanikalisha, akaleta tende na dele la kahawa. Tukaulizana habari za wazima na za marehemu. Aliponimiminia, sikunywa. Niliiweka finjani chini mbele yangu.

Hii ni desturi ya Waarabu wa huku: mgeni mwenye haja nzito huweka finjani chini, na mwenyeji akitaka kumstahi humkubalia kabla hata ya kuisikia haja yenyewe. Khalfan aliitazama finjani, akanitazama mimi.

"Kunywa, shemegi," akasema. "Haja yako imekwisha."

Nikanywa. Kisha nikamwambia nimemtaka mkewe aje kufundisha Ibra, na nyumba yao nimeshaitafuta. Khalfan akacheka mpaka akaweka dele chini.

"Shemegi, ungetaka gari ningekupa na funguo. Huyu ana kazi yake na mdomo wake. Hebu mwite umwambie kwamba nimekupa."

Hapo nikaliona kosa langu. Aliyekulia huku angeuliza kwanza kitu anachokiomba ni cha nani. Mimi desturi ile nimejifunza ukubwani.

Zuwena aliingia na sahani ya matunda, akaniamkia, na mumewe akamweleza yote bila kuficha kicheko. Yeye hakucheka. Aliniuliza habari za shule yetu na nikamjibu kwa kujiamini: sisi tutachagua walimu, mvivu tutamwondoa, wala hatutangoja barua kutoka Maskati.

"Na wewe ulisoma wapi, Kaka Nassor?"

"Shule ya serikali, Tabora. Unajua."

"Mwalimu asipofika, nani alikuwa akienda kugomba?"

Nikasema baba. Alikuwa akifunga duka akaenda mpaka ofisini kwa mwalimu mkuu.

"Basi wale ambao baba zao hawakuthubutu, walisoma kwa ugomvi wa baba yako. Nyinyi watano mkiondoka na watoto wenu, Ibra atabaki nani wa kugomba?"

Akaniambia asubuhi wazazi wamekaribishwa shuleni, hata wanaume, na mimi niende nikaone. Nikitoka huko bado namtaka, ataandika barua ya kuacha kazi siku hiyo hiyo, kwa sababu hatakubali mumewe aitwe mtu aliyevunja neno.

Jumamosi asubuhi nilikaa nyuma ya darasa lake kwenye kiti cha mtoto, magoti yakinifika kifuani. Kila mtoto alikuwa ameleta kutoka kwao kitu chenye maandishi ya Kiingereza. Mmoja alileta kopo la maziwa. Msichana mwembamba, Shamsa, alileta boksi la pampu ya maji. Alisoma polepole, kidole kwenye kila neno, kisha akamgeukia baba yake, mkulima wa mitende aliyesimama mlangoni na viatu mkononi, akamwelezea kwa Kiarabu: imeandikwa usiiwashe kama hakuna maji ndani.

Yule mzee akauliza, "Imeandikwa hapo hapo?"

"Hapo hapo, baba."

"Ile ya mwaka jana iliungua."

Nimefungua pampu nyingi zilizoungua hivyo hivyo. Nikiwa fundi nilikuwa nawalaumu wenyewe, na sikuwahi kumwuliza hata mmoja kama anajua kusoma.

Adhuhuri, kabla ya kuondoka, nilimwambia Khalfan mbele ya mkewe kwamba haja yangu nimeiacha na neno lake ni zima. Zuwena akanifungashia halua ya njiani.

Alasiri nilifika Ibra. Wenzangu walikuwa wananingoja. "Ulikwenda kuleta mwalimu," mmoja akasema, "umeleta halua." Walicheka, nami niliwaacha wacheke. Baadaye walipata mwalimu mwingine, wakafungua shule yao, na si shule mbaya. Jina langu niliwaomba walitoe.

Nilichojifunza ni hiki: mwenye sauti akihama shule ya wote, huhama na sauti yake. Yangu ni kubwa, na ningeipeleka wapi? Nikaingia baraza la wazazi, nikaandika barua za kuudai mfumo mpya, wakati mwingine mbili kwa wiki. Asma alianza shule ya serikali mwaka ule ule. Yeye aliingia darasani, mimi nikaingia ofisini kwa mwalimu mkuu, na tangu siku hiyo hakuna aliyefanikiwa kunitoa.