Mlinzi wa Kiota

Kwenye vinamasi vya Bangweulu, mlinzi wa kiota hamkaribii yule korongo mwenye domo kama kiatu mpaka apige makofi kwanza, polepole, viganja vimekunjwa, kama mtu anayebisha hodi ukweni. "Kwani huyo ndege amekuoza binti yake?" humtania Bwalya, mvuvi, kaka wa mkewe, kila anapomletea chakula. "Angenioza, nisingepata shemeji mwenye kelele kama wewe," hujibu mlinzi kwa sauti iliyokauka, huku akichambua majani kwa vidole vilivyochanwachanwa na mafunjo. Jua likiwaka sana, humwonyesha Bwalya jinsi ndege anavyochota maji kwa domo na kulimwagia kinda lake lipate kupoa.

Alfajiri moja ya kiangazi Bwalya alichoma nyasi ng'ambo ya mfereji, ili awakamate kambare kwa urahisi. Upepo ukageuka. Mchana, alipofika na ugali wa muhogo, kiota kilikuwa jivu tupu, na ndege alisimama juu yake akimimina maji kwenye kitu cheusi kisichotikisika. Mlinzi alikuwa amechuchumaa, akipiga makofi yale yale, ila ya chini zaidi.

"Pole, shemeji," alisema Bwalya. "Moto hauna adabu."

Mlinzi alichukua birika akamnawisha Bwalya mikono, kama wanavyonawishana siku zote kabla ya kula. Maji yalidondoka meusi kwa masizi. Aliyatazama, kisha akaendelea kumimina, taratibu, mpaka birika likabaki tupu na ugali ukapoa.